Shajara ya Konda: kutoka kituo cha daladala mpaka geti la Mwalimu

Ninaiandika hii kwa ajili ya mtu aliyeokota mbwa kwa nia ya kumlea muda mfupi, halafu siku ya kumtoa ikafika akajikuta hajui aanzie wapi. Mimi nilijipa wiki sita. Zikawa miezi mitano na nusu, na mara moja nilimtoa vibaya hadi akarudi mwenyewe mjini. Tuko Morogoro, nyumba ya kupanga, ua mmoja na wapangaji wengine wawili. Bei zote ni shilingi za Tanzania.

14 Januari 2025: Waya

Konda alikuwa analala chini ya kibanda cha chipsi jirani na kituo cha Msamvu. Jina alipewa na makonda wenyewe: daladala ikitaka kuondoka, naye husimama mlangoni, hubweka, hukimbia nayo hatua kadhaa, kisha hurudi kuisubiri inayofuata. Shingoni alikuwa na waya uliozama kwenye nyama. Inaelekea alifungwa akiwa mdogo, akakua, waya haukukua.

Matibabu nayafupisha. Daktari alikata waya, akasafisha na kushona kidonda, akampa vidonge vya siku 28 kwa homa ya kupe, dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo nyingine zilifuata Februari, pamoja na kuhasiwa. Morogoro tuna bahati, maana Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha udaktari wa mifugo hapahapa, kwa hiyo wa kuuliza hawakosekani.

Jambo moja sitalifupisha. Mbwa usiyejua alikotoka huwezi kujua aling'atwa na nani kabla yako, na kichaa cha mbwa kinaweza kukaa mwilini miezi kabla hakijajionyesha. Kwa hiyo kwa wiki za mwanzo binti yetu (ana miaka tisa) alimtazama dirishani tu, akanuna. Tukakubaliana pia cha kufanya mtu aking'atwa au akikwaruzwa: kidonda kinaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Hakuna cha kusubiri tuone, wala cha kuweka pilipili. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

2 Februari: Ndoo ya Bi Mkubwa

Kosa la kwanza halikuwa la mbwa. Jirani yetu wa chumba cha kona, mama wa makamo tunayemwita Bi Mkubwa, huacha ndoo yake ya maji ya udhu mlangoni. Konda akaikuta, akanywa. Kwa mafunzo ya Kishafii, ambayo Waislamu wengi wa kwetu wanayafuata, chombo kilichoingiwa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Bi Mkubwa hakupiga kelele. Aliigeuza ile ndoo chini juu, akaniambia, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na kiumbe cha Mungu. Nina ugomvi na wewe uliyemleta usiniulize."

Alikuwa na haki. Nilimnunulia ndoo mpya (7,000), nikaweka sufuria la maji la Konda upande wetu chini ya mwembe, na nikapiga kizuizi cha mbao kwenye kona yake. Kuanzia hapo Konda alikaa mbali na kona ile, na Bi Mkubwa akawa anamtupia vichwa vya samaki kutoka mbali, akidhani sioni.

Faida ya ndoo ile niliiona baadaye: swali la kwanza ninalomuuliza anayetaka mbwa si "unapenda mbwa?" Ni "nani mwingine anaishi kwenye ua huo, na ameshakubali?"

8 Machi: Neno "bure"

Kidonda kimepona, kilo zimetoka 12 hadi 16. Nikapiga picha nzuri, jua la jioni, ulimi nje, nikaandika kwenye makundi ya WhatsApp: "Mbwa mzuri, mpole, kachanjwa, anatolewa bure." Hadi usiku nilikuwa na ujumbe thelathini na kitu. Mmoja alitaka mbwa wa kufunga mnyororo gereji. Mwingine akauliza kama nina wengine watano. Wawili walitaka apandishe majike wao, nikawaambia kahasiwa, wakaniuliza kwa nini nimemharibu. Kuna aliyetaka kujua tu kama ni mkali, na nilipojibu si mkali akaandika, "Utamfundisha lakini kabla hujaleta?"

Watu hawa si wabaya. Mbwa kwao ni kengele yenye miguu minne, na mimi ndiye niliyeandika tangazo la kuwaita.

Wiki moja baadaye niliandika upya, mabaya mbele: "Konda. Dume, amehasiwa, ana kama miaka miwili. Anachimba. Anaogopa fimbo ya ufagio. Mvua ikipiga bati anaingia chini ya kitanda na hatoki. Hafai kwa mnyororo, hafai kwa wenye kuku. Mchango wa matibabu 30,000. Nitakuja kwako kwanza kabla hajaja." Picha nikaweka ile inayoonyesha kovu la shingo.

Walijibu wanne. Wanne wa kuongea nao.

4 Aprili: Kumkabidhi, mara ya kwanza

Familia moja ya mtaa wa Kihonda. Baba, mama, watoto watatu, ukuta wa tofali, banda jipya kabisa alilojengewa yeye. Nilienda mara moja, nikanywa soda, nikaona ukuta, nikaridhika. Ijumaa jioni nikampeleka kwa bajaji. Mke wangu alikuwa amefua blanketi lake kwa sabuni ya kunukia ili tusiaibike. Watoto walimzunguka, wageni walikuwepo, redio ilikuwa juu. Nikaondoka haraka, nisione macho yake.

8 Aprili: Amerudi Msamvu

Saa tano usiku simu inaita. Konda wa daladala, huyu wa binadamu, alikuwa na namba yangu tangu Januari. "Braza, mwenzetu yuko hapa. Kalowa."

Nilimkuta chini ya kibanda kilekile cha chipsi. Amechubuka makucha yote ya mbele, tumbo linamwendesha, amekonda kwa siku nne. Bodaboda ya kwenda na kurudi usiku ule na mvua ile: 15,000, na hakutaka kupanda, tulimbeba kwenye gunia kama mzigo wa kabichi.

Familia ile sikuwalaumu na sitawalaumu. Waliomba radhi hadi nikaona aibu.

12 Aprili: Makosa yangu, moja baada ya jingine

Nimekaa na daftari. Hii ndiyo sehemu ninayotaka mtu aisome kabla ya nyingine zote.

Banda lilikuwa la bati. Mimi mwenyewe nimeandika kwenye tangazo kwamba mvua kwenye bati inamtoa roho, tuko Aprili, masika yamepamba moto, na nilisimama mbele ya banda lile nikasifu mlango wake. Nilikwenda kukagua ukuta kwa macho ya mtu anayeogopa wezi. Nilipaswa kukagua kwa macho ya Konda. Alichimba chini ya ukuta upande ambao msingi ni mfupi, mvua ikamlainishia udongo.

Blanketi. Harufu ndiyo nyumba ya mbwa, na sisi tuliifua, tukaianika, tukampa kitambaa kinachonukia duka.

Chakula. Kwangu anakula ugali wa dona na dagaa, asubuhi na jioni. Kule siku ya kwanza alipikiwa wali na makombo ya mchuzi wenye vitunguu na mifupa, kwa mapenzi kabisa. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na mfupa uliopikwa hupasuka ukachoma utumbo. Hata chakula kizuri, kikibadilishwa siku moja, kinaharisha. Sikuwaambia kwa sababu sikuulizwa, na sikuulizwa kwa sababu hawakujua kama kuna cha kuuliza.

Ijumaa jioni yenye wageni. Nilichagua siku inayonifaa mimi.

Na kola haikuwa na namba ya simu. Kama yule konda asingemjua, shajara hii ingeishia hapo. Fundi wa funguo sokoni alinichongea kibati kwa 5,000, dakika kumi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kwamba nilimpa kwa mkupuo mmoja. Mbwa aliyehama ghafla hajui kama amehamishwa au ametupwa.

24 Mei: Mwalimu, na mabisho mawili

Mwalimu mstaafu wa hisabati, Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Yuko na mkewe na mjukuu wa miaka kumi na miwili. Alipiga simu badala ya kuandika, nikampa shikamoo, akaanza kunihoji yeye: analala wapi, anaogopa nini, aliumwa nini, nani alimshona. Wiki iliyopita walikuja kwetu, wakakaa saa mbili bila kumgusa. Mwalimu alisema, "Aje yeye." Mwishoni Konda alikuja, akanusa kiatu cha Mwalimu, akalala juu yake.

Leo ilikuwa zamu yetu kwenda. Ukuta sawa, sehemu ya kulala ni barazani chini ya vigae, hakuna bati. Isipokuwa geti. Geti ni bati tupu.

Tumekaa, tunakunywa chai, rafiki wa mjukuu akaja akagonga: *pa, pa*. Konda aliruka kutoka chini ya meza, akapita kwenye upenyo wa geti lilipofunguliwa, akatoka barabarani mbio. Tulimkamata mtaa wa pili, amesimama, anatazama kulia na kushoto kama mtu aliyeachwa na gari.

Ilinichukua dakika kadhaa kuelewa. Kituoni pale konda akigonga bodi ya daladala mara mbili, maana yake twende. Mbwa huyu ameishi maisha yake yote akijua kwamba bati likigongwa mara mbili, kila kitu kinaondoka na wewe unakimbia nacho. Kwetu geti ni la mbao. Miezi minne sikuwahi kujua.

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Kisha akasema hawezi kumchukua hivyo, barabara iko karibu mno. Akanipa mwezi mmoja.

31 Mei: Njia isiyofaa

Nimeokota kipande cha bati gereji, nimekiegemeza kwenye mwembe. Jaribio la kwanza: kugonga, akiruka namvuta kwa kamba na kumkemea. Siku tatu. Matokeo yake aliacha kukimbia, akaanza kujikojolea akiliona bati. Nimeacha. Usijaribu njia hii, nami naona haya kuiandika.

20 Juni: Njia iliyofaa

Sauti huwezi kumfutia. Unaweza kuipa maana nyingine. Nilianza na kijiko kwenye kikombe cha plastiki, mabisho mawili hafifu, na papohapo dagaa mmoja juu ya mkeka wake. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, tumbo likiwa tupu. Kufikia siku ya nne akisikia kijiko anautazama mkeka. Tukahamia kwenye sahani ya bati, kisha sufuria, kisha lile bati la gereji nikiwa mbali, kisha karibu. Akikosea narudi hatua moja nyuma, sisemi kitu.

Tulikwama wiki nzima kwenye bati kwa sababu ya binti yangu: alikuwa anagonga na kukimbilia mkekani pamoja naye, Konda akajifunza kumfuata mtoto badala ya kuisikiliza sauti. Nilipomwomba agonge akiwa amejificha nyuma ya choo, ndani ya siku mbili ikaeleweka.

Sasa ukigonga bati mara mbili anakwenda mkekani, analala, anasubiri dagaa wake. Mjukuu wa Mwalimu amekuja mara tatu kugonga yeye, ili mkono usiwe wangu tu. Kwa usalama Mwalimu amening'iniza pia kipande cha ringi ya gari getini, wageni wagonge hicho. Fundi alikitoboa kwa 4,000.

28 Juni: Kumkabidhi, mara ya pili

Wiki iliyopita alishinda Bigwa nusu siku bila sisi. Juzi alilala huko usiku mmoja, jana asubuhi tukamrudisha. Leo Jumamosi, saa mbili asubuhi, kumekucha vizuri, hakuna mvua wala mgeni. Nilimtembeza kwanza mwendo mrefu hadi akachoka.

Badala ya blanketi amekwenda na kanga ya zamani ya mke wangu, ambayo Konda ameilalia tangu Februari. Haijafuliwa, na inanuka mbwa kweli. Pia unga na dagaa wa wiki mbili, cheti cha chanjo, na karatasi moja niliyoiandika kwa mkono. Humo nimeweka vitu ninavyovijua bila kufikiri: kwamba akikuna sikio la kushoto kuna kupe, kwamba hulala akitazama mlango na ukimgeuza hatalala, kwamba ufagio uchukue ukiwa mbele yake, si nyuma, kwamba akisimama katikati ya njia na mguu mmoja juu, kuna pikipiki inakuja, wewe hujaisikia tu. Na sharti moja, tumelisaini wote wawili: akishindikana anarudi kwangu, haendi kwa mtu wa tatu.

Wiki mbili za mwanzo hatoki nje bila kamba, hata kujisaidia.

Mwalimu alinipa ile 30,000 ndani ya bahasha. Mke wake akamwambia binti yangu, "Mjukuu wangu, huyu hujampoteza. Umetuazima." Binti akajibu kwamba kitu cha kuazima hurudishwa, bibi akakosa la kusema.

1 Julai: Kosa la mwisho

Siku ya tatu nilipita Bigwa "kwa bahati". Hakuna bahati, niliitafuta njia. Konda alinirukia, akalia, akanilamba hadi masikioni. Nilikaa dakika ishirini nikaondoka. Siku mbili zilizofuata hakula, akawa analala getini, pua chini kwenye upenyo.

Mwalimu alinipigia. "Mwanangu, mimi nimefundisha miaka mingi. Mzazi anayechungulia dirishani wiki ya kwanza ndiye anayemliza mtoto. Ukija kabla sijakuita, sifungui."

Nilituma ujumbe wa sauti kuomba radhi. Akaupiga kwa sauti kubwa barazani, na Konda akazunguka nyumba nzima akinitafuta. Tangu hapo naandika tu.

5 Julai: Hesabu

Matibabu yote: kidonda 35,000, homa ya kupe 28,000, minyoo 5,000, chanjo ya kichaa 10,000, chanjo nyingine mara mbili 50,000, kuhasiwa 70,000. Jumla 198,000. Vifaa, yaani kola na kamba 15,000, kibati, ndoo ya Bi Mkubwa na kile chuma cha geti: 31,000. Chakula kama 1,500 kwa siku, siku 165, naandika 250,000. Bajaji na bodaboda 64,000, na kama nisingekosea Aprili ingekuwa karibu nusu. Jumla kuu 543,000, toa mchango wa Mwalimu, 513,000.

Ningerudia leo ningeweka fedha ya kibati cha jina siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya dawa ya minyoo.

16 Agosti: Nimeitwa

Wiki saba. Ujumbe wa Mwalimu ulikuwa mfupi: "Njoo Jumamosi. Njoo na mtoto."

Tuligonga ringi. Konda alikuja getini akabweka, mbweko wa kweli, wa mwenye nyumba. Alinibwekea mimi. Kisha upepo ukageuka akanipata, mkia ukaanza kwanza, mwili ukafuata. Alimzunguka binti yangu mara tatu, akampiga kikumbo akaanguka, wakabaki hukohuko chini. Kisha akarudi kukaa kwenye kiatu cha Mwalimu, na hapo ndipo alipotazamia mazungumzo yote. Amenenepa, kilo 18. Mwalimu anasema amechimba shimo moja tu, kwenye bustani ya mchicha, na kwamba wamekubaliana liwe lake.

Tulipoaga alitusindikiza hadi getini. Nilikuwa najiuliza atafanya nini. Mwalimu hakuinuka kitini, alisogeza mkono akagonga sinia mara mbili. Konda alinitazama, akageuka, akaenda mkekani kwake barazani, akajilaza juu ya kanga.

Kwenye bajaji binti yangu aliuliza kama kanga ya mama tunaweza kuidai irudishwe, maana sasa Konda ana mkeka. Nimemwambia ibaki.